Valdemar Anunua Darubini ya Bunduki

Kijiji anachokaa Valdemar kiko juu ya ukingo wa Ruvuma, mwendo mfupi kutoka Kilambo, pale watu wanapovukia kwenda Msumbiji. Baba yake alivuka kuja upande huu wakati wa vita vya ukombozi na mke, jembe na mtoto wa mgongoni. Mtoto huyo ndiye Valdemar. Amelima korosho na muhogo maisha yake yote, amelea watoto na sasa ana wajukuu, lakini ukifika kijijini ukamuulizia, hakuna atakayekutajia korosho zake. Watakuambia, "Aa, yule wa nguruwe!"

Nguruwe pori wa bonde lile hawana haya. Huingia shambani alfajiri, wakatia pua chini ya shina la muhogo wakalipindua kama mtu anayefunua sufuria, na familia inaamka chakula chake kimeliwa kibichi. Valdemar ana bunduki moja ya zamani, raifo aliyoinunua kihalali kwa mzungu mmoja aliyekuwa akifunga shamba lake la mkonge, na kila mwaka hupewa kibali cha kuwapunguza wanyama waharibifu. Waislamu wa kijijini, ambao ndio wengi, walimtaka awaue nguruwe. Wakristo walimtaka awaue na awalete. Kwa hiyo risasi moja ya Valdemar ilifurahisha dini mbili, na yeye mwenyewe, mtu asiyependa makuu, aliipenda kazi hiyo kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Mpaka ile asubuhi ya kipupwe.

Alikuwa ameketi juu ya kichuguu, mahali pake pa siku zote, na mwanga ulikuwa haujakomaa. Kitu cheusi kikatikisika katikati ya muhogo. Kimeinama, kinachimba. Valdemar akainua bunduki. Kile kinundu cha mbele cha kulengea, ambacho zamani kilikuwa kikali kama ncha ya sindano, kilikuwa kimevimba na kufifia kana kwamba anakitazama ndani ya maji. Haikuwa mara ya kwanza. Msimu mzima kilikuwa kikimsumbua. Akasogeza kichwa nyuma. Akakodoa. Akalifinya jicho, akalifungua tena. Alihangaika na kinundu hata akasahau kumtazama mnyama mwenyewe, na kidole kilikuwa kimeshafika kwenye kifyatulio.

Kisha yule nguruwe akasema, "Astaghfirullah!"

Valdemar aliondoa kidole kama aliyegusa kaa la moto. Katikati ya muhogo aliinuka Hawa, jirani yake, mjane wa Kimakua ambaye shamba lake limepakana na lake, amejifunika kanga nyeusi, mkononi ana muhogo uliomkatikia. Alikuwa akiusikitikia muhogo.

Valdemar alitoa risasi bundukini. Risasi ikamponyoka ikaanguka kwenye nyasi, ikabidi aitafute akiwa amepiga magoti. Alipoinuka, Hawa alikuwa amekwisha kumwona.

"Mtani, mbona umepiga magoti? Unaniposa?"

Waliitana mtani, na tangu mumewe Hawa yu hai walikuwa hawaonani bila kutupiana maneno. Lakini asubuhi ile Valdemar aliuweka utani kando.

"Mtani," alisema, "nilikuwa nakulenga wewe."

Hawa aliitazama bunduki, akamtazama yeye, akakitazama kichuguu na umbali uliokuwapo. Halafu akacheka, kicheko kifupi.

"Basi nimenenepa," alisema. Akajitwika kikapu chake kikiwa hakijafika hata nusu, akaondoka.

Siku ile Valdemar alimweleza mkewe Carlota yote, akaifungia bunduki sandukuni na ufunguo akampa yeye. Carlota hakumlaumu wala hakumbembeleza. Aliufunga ufunguo kwenye pindo la kanga yake, akasema, "Ukiuhitaji utaniambia kwa nini." Akarudi jikoni.

Nguruwe hawakuchukua muda kugundua kwamba hakuna mtu kwenye kichuguu. Walianza kuja makundi, wakubwa kwa wadogo, hata saa mbili asubuhi, kweupe. Shamba la Hawa, lililo karibu zaidi na vichaka vya mtoni, ndilo lililotangulia kuumia. Akamfuata Valdemar nyumbani.

"Siku hizi umeingia undugu na nguruwe?" alimuuliza kabla hata ya kuketi. "Au mmepatana, wale muhogo wangu, wa kwako wauache?"

"Macho yangu yamekwisha, mtani. Siwezi kubeba roho ya mtu."

"Macho hayaishi kama sukari. Macho yanatibiwa. Mimi Alhamisi nakwenda Mtwara kwa mdogo wangu Asia. Twende, ukapimwe."

Carlota, aliyekuwa akichambua mboga mlangoni, aliinua kichwa. "Atakwenda," alisema.

Kwenye kliniki ya macho alipokewa na dada mmoja mpole aitwaye Witness, aliyemwamkia vizuri, akamkalisha kwenye kiti, akamsomesha herufi za mbali na za karibu, akammulika kwa taa ndogo. Valdemar alikuwa amejiandaa kusikia habari mbaya. Badala yake Witness alitabasamu.

"Baba, macho yako ni mazima. Hayana mtoto wa jicho. Ila yameingia utu uzima. Mbali unaona vizuri kuliko mimi. Cha karibu ndicho kinachokutoroka."

Valdemar akamweleza habari ya kinundu, na kwa kuwa alikuwa ameshaanza, akamweleza na habari ya Hawa. Witness alisikiliza mpaka mwisho.

"Basi sitakudanganya, baba. Nikikupa miwani ya karibu, kinundu utakiona, ila nguruwe atakuwa ukungu. Ukiivua, nguruwe utamwona na kinundu kitapotea. Jicho la umri wako haliwezi kushika vyote viwili kwa pamoja. Hakuna miwani ya kazi hiyo. Si kuna zile darubini zinazofungwa juu ya bunduki? Kwenye ile, naona kila kitu kingekaa sehemu moja."

Darubini! Valdemar alizijua, ila alizihesabu kuwa vitu vya wageni wa uwindaji, watu wanaokuja na magari yao na barafu yao. Hata hivyo Likombe, hapo hapo mjini, alikuwako Silvio, fundi bunduki mwenye leseni, mtoto wa wakimbizi kama yeye, aliyewahi kutunza silaha za kampuni moja ya uwindaji. Ndiye aliyemrekebishia kitako cha raifo yake miaka ya nyuma. Valdemar akamwendea mchana ule ule, na Hawa akamfuata, akidai ana hamu ya kupajua Likombe.

Silvio aliwakalisha barazani, akaletewa meza, akapanga juu yake darubini tatu kwenye kitambaa.

"Za bei ya mfalme sina, kaka Valdemar, na wewe huzihitaji. Hizi ni za watu wa kawaida. Lakini katika za watu wa kawaida kuna za kweli na kuna vinyago."

Ya kwanza ilikuwa kubwa, pana kama chupa ya chai mdomoni, nyeusi ya kung'aa, na ukibonyeza kitufe taa nyekundu ilijitokeza ndani. Ilivuta mara ishirini na nne. Ya pili ilikuwa ya wastani. Ya tatu ilikuwa ndogo, nyembamba, imechubuka rangi pembeni, inavuta mara nne tu na haina kitu cha kuzungusha ili ivute zaidi. Na jambo lililomshangaza Valdemar ni kwamba kubwa na ndogo bei zake zilikaribiana.

Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye ile kubwa. Aliielekeza barabarani, na herufi za tangazo la duka la mbali zikamrukia usoni. Alicheka kwa sauti kama mtoto.

"Hii!" alisema. "Silvio, hii."

"Ngoja kwanza tuiulize," alisema Silvio.

Alimwagiza mkewe maji ya uvuguvugu kwenye beseni, akazitumbukiza zote tatu. Ndogo ilikaa kimya chini ya maji. Ya wastani nayo. Kubwa ilitoa uzi mwembamba wa mapovu kutoka kwenye kitufe cha taa.

"Inapumua," Silvio alisema, akaitoa haraka na kuifuta. "Panapotoka hewa, hewa nyingine huingia. Na hewa yetu hapa pwani ina chumvi na unyevu. Msimu mmoja wa mvua, ndani kutakuwa na ukungu."

"Kidogo tu," Valdemar aliitetea.

Silvio hakubishana. Alizilaza moja moja kwenye kisanduku cha mbao chenye pengo, akakikaza kisitikisike, akamwambia atazame msumari uliokuwa kwenye ukuta wa jirani. Ndani ya kila darubini mlikuwa na mistari miwili myembamba iliyokatana. Silvio alizungusha vifundo vya kurekebishia mistari kwenda mbele, akavirudisha pale pale vilipokuwa. Kwenye ile ndogo mistari ilirudi juu ya msumari. Kwenye ya wastani na ile kubwa ilirudi kando yake.

Hawa, aliyekuwa akisubiri zamu, alichungulia akashtuka. "Mtani! Kumbe humu mna msalaba? Hamtosheki na kanisani?"

"Ndiyo tunamwombea nguruwe," Valdemar alijibu, na lilikuwa neno lake la kwanza la utani tangu ile asubuhi.

Silvio aliinua kofia yake kidogo. Juu ya nyusi ya kulia alikuwa na kovu lililopinda kama mwezi mchanga. "Na hili nilipewa na darubini inayotaka jicho likae karibu. Bunduki inapiga teke, kioo kinakuja usoni. Hii ndogo inakuruhusu kukaa mbali, upana wa kiganja. Raifo yako ina teke, kaka, naijua."

Hata hivyo Valdemar aliitazama ile kubwa, na moyo wake haukutaka kuiacha. Mtu aliyeona vibaya kwa muda mrefu huona kwamba dawa yake ni kuona sana. Silvio alilijua hilo. Akazifunga zote kwenye mfuko.

"Sasa hivi jua ni kali, na kwenye jua hata kioo cha chupa huona. Wewe unawinda saa ngapi? Alfajiri. Basi twende Ufukoni jua likielekea kuzama, mkazitazame kwenye kiza cha mikoko. Ile utakayoichagua hapo, ndiyo hiyo."

Nyumba ya Asia iko Ufukoni, karibu na maji. Walipofika, Hawa aliingia ndani kubadili nguo, na Asia akatoka kumletea Valdemar maji ya kunywa. Alisimama naye kidogo.

"Kaka, nikwambie kitu, ila usimwambie kwamba nimekwambia. Dada amenieleza yaliyotokea. Kila mtu anamsimulia huku anacheka. Lakini tangu siku ile hajaingia shambani alfajiri. Anasubiri jua lipande, wanawake wengine wakishatangulia. Mbele yenu hatalisema hilo."

Valdemar alimrudishia kikombe kabla hajamaliza maji. Yeye alikuwa amedhani kwamba hofu ya siku ile ni ya kwake peke yake.

Hawa alitoka. Alikuwa amevaa ile kanga nyeusi.

"Mnatazama mikoko?" alisema. "Mikoko hailimi muhogo. Nitazameni mimi." Na kabla mtu hajajibu alikuwa anateremka kuelekea ukingo wa mikoko, Asia nyuma yake, maji yakiwa yamekupwa na tope likilia chini ya miguu yao. Walikwenda mpaka umbali kama ule wa kichuguu na shamba. Hawa akamwachia Asia viatu, akaingia kwenye kivuli cha matawi, akainama.

Mwanga ulikuwa ule ule wa siku ile, ila wa jioni. Kwa macho matupu Valdemar aliona weusi umeinama penye weusi.

Aliinua kwanza ile kubwa. Alitafuta. Akaona mzizi mmoja mkubwa kama mti, akaona jani, akaona giza la rangi ya kahawia. Mkono ulipotikisika kidogo tu, picha yote iliruka. Alipompata Hawa hatimaye, aliona kipande cha nguo nyeusi kimejaza kioo chote. Kingeweza kuwa nguo. Kingeweza kuwa ngozi.

"Umemwona?" Silvio aliuliza.

"Nimeona weusi."

Silvio akampa ile ndogo. Valdemar aliiweka jichoni, na mambo yote yakamjia kwa mara moja bila kuyatafuta: ukingo wa mikoko, tope linalong'aa, Asia amesimama na viatu mkononi, na kando yake mwanamke mtu mzima ameinama, pindo la kanga yake lina maua meupe, mkono mmoja umeshika kiuno kwa sababu mgongo unamuuma. Hakuwa mkubwa kiooni. Lakini alikuwa Hawa, na hakuweza kuwa kitu kingine chochote. Kisha Hawa akageuza kichwa kuelekea kwake, akampungia mkono.

Valdemar alishusha darubini, akafuta jicho kwa mgongo wa mkono, akasema ni chumvi ya pwani.

Hawa aliporudi, naye alizitaka zile darubini, akawatazama vijana waliokuwa wakipara samaki mbali kule. Alimrudishia Silvio ile kubwa mapema. "Hii ukimtazama mbuzi unaona nywele, mbuzi mwenyewe humwoni," alisema. "Mtani, umenionaje kwa hii ndogo?"

"Nimeona mgongo unakuuma."

"Basi chukua hiyo. Inasema kweli."

Wakaichukua hiyo. Fedha iliyobaki Silvio alimshauri aiweke kwenye vishikio vizuri vya kuifungia, kwa maana darubini nzuri kwenye vishikio vibovu, alisema, ni sawa na dereva mzuri kwenye gari lisilo na usukani. Valdemar alipita polisi kuuliza utaratibu, akaonyesha leseni yake na kile alichonunua, kisha akalala kwa Silvio. Asubuhi walirudi kijijini wote watatu, yeye, Hawa na Silvio aliyebeba mfuko wake wa vifaa.

Carlota aliutoa ufunguo. "Kwa nini?" aliuliza, kama alivyoahidi.

"Kwa sababu sasa nitajua ninachokitazama."

Silvio alifunga darubini taratibu, akikaza kila skrubu kidogo kidogo kwa zamu. Wakaenda kwenye shimo la zamani la kuchimbia kokoto, lenye ukuta wa udongo mrefu nyuma, wakaweka boksi la biskuti lenye duara la mkaa. Risasi ya kwanza ilipita juu na kulia. Silvio akarekebisha. Ya pili ikakaribia. Ya tatu ikaingia ndani ya duara, ya nne ikaingia karibu nayo kiasi kwamba kiganja kimoja kiliyafunika matundu yote mawili. Teke lilikuja, na nyusi ya Valdemar ikabaki salama.

"Neno moja," alisema Silvio akifunga mfuko wake. "Darubini hii si ya kutafutia. Tafuta kwa macho yako kwanza. Ukishajua ni nguruwe, ndipo uinue. Popote kioo kinapotazama, mtutu nao unatazama."

Valdemar alilichukua neno hilo akalipeleka kwenye mkutano wa kitongoji. Alisimama mbele ya watu, kofia mkononi, akaomba kwamba kila anayeingia shambani kabla ya jua apige hodi kwa sauti, na yeye kutoka kwenye kichuguu atamwitikia. Na hodi ikisikika, bunduki inatolewa risasi. Watu walikubali. Wengine walicheka kwamba sasa muhogo nao una mlango.

Asubuhi chache zilizofuata hakuna kilichotokea. Nguruwe ni wajanja, na pengine milio ya kule shimoni iliwashtua. Kisha alfajiri moja ya umande mwingi wakaja, jike na watoto wake, na nyuma yao dume kubwa lenye manyoya meupe shingoni. Valdemar aliwatazama kwa macho matupu mpaka akawahesabu moyoni na kuridhika. Akainua bunduki. Ndani ya kioo aliona kila kitu pamoja: masikio ya dume, mashina matatu yaliyopinduliwa, mpaka wa shamba la Hawa, na nyuma ya mpaka udongo ulioinuka, hakuna mtu, hakuna njia. Mistari ikatulia nyuma ya bega. Hakuhangaika na lolote. Alisubiri mtoto mmoja apite mbele, akapita, naye akafyatua.

Dume lilianguka pale pale. Kundi likapasua vichaka likielekea mtoni.

Mlio ulikuwa haujaisha masikioni mwake aliposikia sauti kutoka njia ya mashambani, ya mwanamke, kubwa na ya kujiamini.

"Hodi shamba!"

Jua lilikuwa bado halijatokeza. Valdemar alitoa risasi iliyobaki, akasimama wima juu ya kichuguu.

"Karibu, mtani! Pita!"

Hawa alikuja peke yake, kikapu kichwani, jembe begani. Alisimama mbali na nyama, upande ambao upepo hautamletea harufu, akalipima dume lile kwa macho.

"Na huyu ndiye uliyenifananisha naye?"

"Huyu ni mwembamba kidogo."

Hawa alicheka mpaka akatua kikapu chini, na safari hii kicheko kilikuwa kirefu. Kisha akaingia kwenye safu zake, akainama, akaanza kuchimba.

Wanaume wa kanisani walikuja na mti wa kubebea, na Carlota akawasha moto uani mapema. Mchana Valdemar alikula akashiba, akavuta mkeka wake penye upepo, na kabla hajalala alisikia watu wawili wa kijiji cha pili wakimuuliza Carlota kama mzee anaweza kuwatembelea wiki ijayo, kwani nguruwe wa huko nao wamezidi. Carlota aliwaambia waje jioni, na wakija, wapige hodi.